Jua la Ziwani na Jua la Nyanya



Tangu reli ya Mombasa ilipoufikia mwambao wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, jamaa nyingi za Kiislamu zina watu wao pande zote mbili, pwani na Kisumu. Hiyo ndiyo hali ya nyumba yetu, nayo ndiyo iliyozaa kisa hiki.

Ramadhani iliyopita, mjukuu wetu wa miaka 5 alishika kufunga nusu siku. Adhuhuri hula, kisha hufunga tena hadi magharibi, naye hudai kuwa nusu mbili zikijumlishwa ni saumu moja kamili. Jioni moja nyanya yake wa kuumeni alipiga simu kutoka Mombasa, akamwambia, “Sisi twafuturu, mwanangu.” Mtoto akakimbilia dirishani. Jua lilikuwa lingali juu ya maji. Akarudi kwa huzuni: “Babu, jua la nyanya limeshazama. Letu limekwama kwenye magugu!”

Wageni waliokuwapo wakaangua kicheko. Mmoja akatoa simu, akamtaka ayarudie maneno yale apate kumrekodi. Mtoto akajificha nyuma ya buibui la mama yake, na adhana ilipolia hata tende hakuitaka.

Hebu tuyapime maneno yake. Magugu maji hutanda katika Ghuba ya Winam, na mtoto huyu ameziona kwa macho yake mashua za wavuvi zikikwama humo. Akaliona na jua likichelewa juu ya maji yayo hayo, akaunganisha mambo mawili. Jawabu lake halikuwa sahihi, lakini njia aliyoipita ndiyo wanayoipita wanavyuoni: kutazama, kisha kulinganisha.

Baada ya tarawehe tulichukua chungwa na taa. Tukalizungusha chungwa polepole kuelekea mashariki, tukamwonyesha jinsi Mombasa, iliyo mashariki yetu, inavyotangulia kuingia gizani, nasi tukiifuata baada ya takriban dakika 20. Akatazama kwa makini, kisha akauliza: “Na Makka je?” Tukamweleza kwamba Makka iko karibu kaskazini hasa ya Mombasa, ndiyo maana watu wa huko huswali wakielekea kaskazini, nasi wa Kisumu hugeuka kidogo upande wa mashariki. Swali hilo la pili lisingalizaliwa lau la kwanza lingaliishia katika kicheko.

Haina maana kwamba tusicheke. Ndugu yake wa miaka 3 alitupanda mgongoni tukiwa katika sijda, na alipoona hatuinuki aliwatangazia watu wa nyumbani: “Nyamazeni, Babu amelala!” Baada ya salamu tulicheka sote, naye akacheka kuliko sisi. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijda yake kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Imepokewa pia kwamba alikuwa akimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kwa kumwuliza habari za kidege chake. Mzaha wake ulimpa mtoto yule hadhi, haukumvunjia.

Basi tofauti ni hii: kuna kicheko ambacho mtoto ni mshirika wetu, na kuna kicheko ambacho yeye ndiye kitoweo. Cha kwanza humfungua kinywa. Cha pili humfunza kunyamaza. Mtoto akizoea kuyanyamazia mambo ya jua na mwezi, mama zetu wapenzi, atayanyamazia na mengine siku atakapofikwa na jambo zito la kuwaambia wazazi wake.

Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana, nasi hatuoni ndani yake ruhusa ya kumdharau aliye mdogo. Mwenye kumrekodi mwanawe akikosea herufi au akilia, kisha akausambaza mchezo huo kwa jamaa na wasio jamaa, na ajiulize: mtoto huyu atakapofika miaka 15, atapenda kuukuta katika simu za wenzake? Ikiwa jawabu ni la, basi tucheke naye pale pale sebuleni, na simu ibaki mfukoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wawe kiburudisho cha macho yetu, nasi tuwe sitara yao. Amin.