Betri moja mpya, moja ya zamani

Bumu lilipoingia mwezi wa pili nilikuwa nimeshapanga kununua simu. Nikaishia kununua betri. Wenzangu wa hosteli walicheka, lakini mjomba wangu ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita, na safari hii alikuwa amekwama yeye.

Mjomba ana kibanda umiza huko kwetu Kyela, upande wa ziwani, ukielekea Matema. Mchana wanachaji simu, jioni mashine ya kunyolea inafanya kazi, usiku ni mpira. Wavuvi wa usipa wanapitia hapo kabla ya kuingia ziwani, na usiku wa mbalamwezi, ambao usipa hawavutiki sana na taa, kibanda kinajaa hadi watu wanasimama nje. Umeme wa nguzo haujafika upande ule wa kijiji. Kila kitu kinategemea paneli za juu ya bati na betri mbili za volti 12, zimefungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili inveta ipate volti 24.

Betri zilikuwa na miaka mitatu na zimechoka. Fundi wa mjini Kyela alikuja, akazipima, akasema, "Mzee, hapa nunua mbili." Mjomba akanipigia.

Nikaenda wikiendi ile na kipimo changu cha umeme. Baada ya kuziacha zipumzike usiku kucha bila mzigo, moja ilisoma 12.6, nyingine 10.5. Nikafurahi, maana hesabu ilikuwa wazi kabisa. Betri ya volti 12 ina seli sita ndani, kila moja volti 2.1 hivi. Ukitoa seli moja kwenye 12.6 unabaki na 10.5. Kwa hiyo moja imekufa seli, nyingine nzima. Nikamwambia mjomba, "Anko, fundi anataka biashara tu. Hii moja haina shida. Tunabadilisha mbovu peke yake."

Mjomba alimtazama fundi, akanitazama mimi. Akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Fundi hakubishana. Alikusanya spana zake akaondoka. Nikanunua betri moja, laki tatu na nusu, nikaifunga mwenyewe. Usiku ule mpira uliisha na taa zikabaki zinawaka. Nilirudi chuo kifua mbele.

Nisichokielewa ni kwamba 12.6 ya betri iliyopumzika inakwambia imejaa, haikwambii imejaa kiasi gani. Ni sawa na ndoo iliyojaa mchanga nusu: ukimimina maji inafika mdomoni kama kawaida, ila ukichota yanaisha mapema. Betri ile ya zamani ilikuwa ndoo ya namna hiyo.

Kisha ikaja masika. Anayeijua Kyela anajua mvua yake. Kuanzia mwezi wa tatu Milima ya Livingstone unaweza kukaa siku kadhaa bila kuiona, na paneli zinakaa tu juu ya bati zikioshwa. Kila usiku betri zilikuwa zinakamuliwa. Inveta ya volti 24 ya mjomba inalia na kuzima ikifika 21, kwa hesabu kwamba kila betri imebaki na 10.5. Lakini haiangalii kila betri, inaangalia jumla. Ile mpya ikiwa na 12, ya zamani inaweza kushuka mpaka 9 na inveta isiseme kitu. Yaani ile mpya ilikuwa inamfichia mwenzake ugonjwa. Usiku baada ya usiku ya zamani ilishushwa chini kuliko inavyovumilia, mpaka nayo seli moja ikafa.

Mwezi wa sita jua likarudi, na hapo ndipo ilipokuja sehemu ambayo hadi leo naikumbuka kwa aibu. Mjomba alinipigia nikiwa katikati ya mitihani. "Mwalimu, hii betri yako mpya inachemka. Inanuka kama yai viza." Nilikuwa na pepa kesho yake saa mbili asubuhi. Nikamjibu, "Anko, fungua dirisha, hewa ipite." Akasema haya, asante. Akafungua dirisha.

Nilipaswa kukaa na kalamu dakika mbili tu. Kontrola ya sola inachaji mpaka volti 28.8, ikiamini kuna seli kumi na mbili, kila moja 2.4. Sasa zilikuwa zimebaki kumi na moja. 28.8 gawanya kwa 11 ni 2.6. Zidisha kwa sita za betri mpya, unapata 15.7. Kila siku ya jua betri yangu ya laki tatu na nusu ilikuwa inasukumiwa karibu volti 16, maji yake yanageuka gesi, na gesi yenyewe ni haidrojeni, inayolipuka kwa cheche. Ndani ya kibanda ambacho watu wanavuta sigara wakisubiri mpira. Hesabu hiyo ni ya sakiti ya mfululizo. Nilikuwa nimeifanyia mtihani.

Usiku umeme ulipokatika kabisa ilikuwa dakika ya sabini, mechi ya usiku, matokeo bado sare. Sikuwepo, nilisimuliwa na binamu yangu. Watu walidai hela zao na mjomba akarudisha zote, hata za waliokuwa wamekaa tangu kipindi cha kwanza. Nilipofika wiki iliyofuata na kufungua vizibo vya betri mpya, maji yalikuwa yameshuka chini ya sahani zake. Ya zamani ilisoma 10.4. Miezi mitano, na zote mbili zimekufa.

Nilisubiri anigombeze. Mjomba akaniuliza kama nimekula.

Baadaye nilisoma kuhusu vile vigari vya umeme vya viwanja vya gofu. Vingi vina betri sita za volti 8 zilizofungwa mfululizo kupata volti 48, na zikichoka ushauri ni kubadilisha zote sita kwa pamoja, hata kama tatu zinaonekana nzima. Lakini sikuhitaji kwenda mbali hivyo. Bibi yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, redio yake ikianza kukoroma alitoa betri zote nne kwa mpigo. Za zamani alizianika juani, hakuzichanganya na mpya. Nilimwona utoto wangu wote, nikadhani ni mambo ya wazee.

Kulikuwa na suala la mizoga ya betri. Kijana mmoja alitaka kuzinunua avunje, ayeyushe risasi ya ndani kutengenezea vizito vya nyavu. Hapo kidogo nilikuwa na la kusema. Nilimweleza mjomba habari ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu ya risasi wakazi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama ikawapa ushindi. Mjomba alinisikiliza, kisha akampigia fundi kuuliza kama ni kweli. Fundi akasema ni kweli, na kwamba anakonunua mpya huwa wanapokea chakavu na kupunguza bei. Sikuumia. Ningekuwa mimi ningepiga pia.

Alipouza mpunga alinunua mbili, siku moja, duka moja. Fundi akazifunga. Mimi nilishika tochi.

Mwezi wa nane nilikuwa fildi, nafundisha fizikia shule moja ya huko huko, na Jumamosi naenda kibandani. Mjomba amenunua haidromita. Anafungua vizibo kumi na viwili, anavuta maji ya kila seli, anasoma, mimi naandika kwenye daftari. Jumamosi ya mwisho seli moja ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Alirudia kuipima mara mbili. Akaniangalia.

"Haya mwalimu, unasemaje?"

Nikamwambia tumpigie fundi.