Mgonjwa wa Dakika Nane

Kuujua utenzi ni jambo moja, na kuughani mbele ya watu ni jambo jengine. Wapo miongoni mwetu waliozisoma tenzi kongwe tangu utotoni, wanaozielewa beti zake kwa maana na kwa tafsiri, lakini waambie wasimame mbele ya hadhira bila ya kitabu, ulimi huwa mzito na ubeti wa tano ukaja mahali pa ubeti wa pili. Elimu wanayo. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa kifuani kuileta mdomoni, na njia hiyo haichimbwi kwa kusoma zaidi.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu, ambaye ni daktari katika hospitali moja ya kisiwani hapa. Mwaka jana alikuja kukaa kwangu Kikwajuni kwa wiki sita, akijitayarisha na mtihani wa leseni ya udaktari ya Uingereza. Nyumba yangu ina utulivu, alisema, na mimi ni mwalimu wa skuli niliyestaafu, sina shughuli.

Mtihani wenyewe huitwa PLAB, nao hufanywa na madaktari waliosomea nje ya Uingereza wanaotaka kusajiliwa na baraza la madaktari la nchi hiyo. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu, kwa muda wa saa tatu. Hiyo alikwisha kuifaulu. Ya pili hufanyika katika mji wa Manchester tu, na hapana karatasi ya majibu. Mtahiniwa hupita katika vituo 16, na kila kituo ni cha dakika nane. Mlangoni huwekwa maelezo machache, akapewa dakika moja na nusu kuyasoma. Akiingia ndani humkuta mgonjwa, na mgonjwa huyo aghlabu ni mwigizaji, mzima kama mimi na wewe, aliyefundishwa pa kuugulia na la kujibu. Msahihishaji yupo pembeni, kimya. Mtindo huu wa kutahini ulianzia Dundee, Uskochi, kwa Ronald Harden na wenzake, walioutangaza mwaka 1975. Walichotaka ni kuipunguzia bahati nguvu zake, kwani katika mitihani ya zamani mengi yalitegemea mgonjwa uliyeangukiwa naye na mwalimu aliyekusikiliza.

Katika kila kituo hupimwa mambo matatu: namna daktari anavyokusanya habari na kupima, namna anavyopanga matibabu, na namna anavyoingiliana na mtu aliye mbele yake. Hili la tatu lina uzito sawa na mawili ya mwanzo, na ndilo linalowaangusha wengi waliobobea vitabuni.

Wiki mbili za mwanzo mpwa wangu alisoma tu. Alikuwa na madaftari matatu, kalamu za rangi nne, na birika la kahawa lililokuwa halipoi. Usiku wa manane taa ya chumba chake ilikuwa inawaka. Nilinyamaza, kwa kuwa mjomba anayeingilia kila jambo haheshimiwi. Lakini siku ya kumi na tano nilimuuliza maana ya mstari mmoja alioupigia rangi ya manjano, nikaufunika kwa kiganja. Alinieleza nusu yake. Mstari huo, alisema, alikuwa ameusoma mara saba.

Waalimu wetu wa chuoni waliujua ugonjwa huu. Mwanafunzi hakuulizwa kama amesoma. Aliambiwa, soma, na msahafu ukafungwa. Wataalamu wa saikolojia nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao: mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, walichapisha majaribio waliyowapa wanafunzi kipande cha kusoma. Baadhi yao walikirudia kukisoma. Wengine walikifunga wakajaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikuwa nyuma, wakikumbuka asilimia 42 ilhali wenzao wanakumbuka 56. Kusoma tena humpa mtu utamu wa kujihisi anajua, na utamu huo ndio mtego wa wiki za mwisho.

Wala tusidhani kwamba utabibu na ushairi ni majirani wasioamkiana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, pamoja na vitabu vyake vikubwa vya nathari alitunga shairi la utabibu la beti zaidi ya 1,300, kwa bahari ya rajaz, ili wanafunzi wapate kulihifadhi. Ibn Rushd aliliandikia sherehe, na katika karne ya 13 likafasiriwa kwa Kilatini. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuandika juzuu kwa juzuu aliona haja ya kuitia elimu katika vina, kwa kuwa alijua kuwa tabibu akifika kitandani pa mgonjwa hafungui kabati. Mpwa wangu alipolisikia hilo alicheka, akasema laiti na dawa za presha zingetungwa.

Basi madaftari yakafungwa, nami nikawa mgonjwa.

Kila jioni baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani, saa ya mkononi ikiwa juu ya mkeka. Yeye aliandika maradhi yangu katika kipande cha karatasi, akanipa niyasome, akatoka nje ya ukumbi, akabisha hodi. Nimeumwa kifua, nimepooza upande wa kushoto, nimekuwa mlevi ninayeficha ulevi wangu, na jioni moja nilikuwa mama wa kitoto cha miezi minane chenye homa. Mwanzoni tulifanya wagonjwa watatu kwa siku, baadaye sita. Hakuchagua maradhi anayoyapenda. Alichagua yale aliyojikwaa juzi, na aliyejikwaa juzi akajikwaa na leo alirudi tena kesho kutwa. Jirani yangu mmoja, aliponisikia nikilalamika pumzi, alileta uji wa pilipili manga na dua. Niliupokea uji.

Lililomshinda zaidi halikuwa dawa. Kule hutakiwa daktari amuulize mgonjwa mwenyewe anadhani ana nini, anaogopa nini, na alikuja akitarajia nini. Mpwa wangu aliyauliza maswali hayo kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni, haraka haraka, apite. Nami, nikiwa mgonjwa wa kweli wa visiwa hivi, nilimjibu: "Wewe ndiye daktari, nitajuaje mimi?" Alikasirika. Kule hawajibu hivyo, alisema. Nikamwambia, huenda, lakini mtu anayekujibu hivyo hakukataa kusema, anakupima kama unataka kweli kusikia. Subiri kidogo. Akajifunza kusubiri, na kusubiri katika dakika nane si kazi ndogo. Nilimpimia kwa saa: sekunde nne za kimya zilimtoa jasho.

Wiki ya nne tulifikia karatasi ambayo mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kaka wa mgonjwa. Maelezo yalisema kwamba mwanamke mtu mzima amelazwa, majibu yameonesha saratani, yeye mwenyewe bado hajaambiwa, na kaka yake amekuja kutaka kujua. Katika kanuni za kazi za kule, siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Daktari hamwambii kaka, wala mume, wala mtoto, ila kwa idhini ya mwenyewe.

Hapana budi nimueleze msomaji kwamba mama wa binti huyu, dada yangu wa tumbo moja, aliumwa maradhi hayo hayo mwaka 2011, na Mwenyezi Mungu akamchukua mwaka huo huo. Daktari aliniita mimi pembeni, akanieleza mimi. Dada hakuambiwa. Na binti yake hakuambiwa, kwani alikuwa kidato cha nne, amebakiwa na wiki chache za mtihani wa taifa, tukaona asivurugwe. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na desturi hiyo haikuzaliwa na ujinga. Jamaa huubeba mzigo ili mgonjwa apate kulala. Siku moja dada yangu, bila ya kuulizwa, alinikabidhi ufunguo wa kasha lake, akageukia ukutani. Alijua, na alijua kwamba mimi najua. Hatukusema neno.

Mpwa wangu alibisha hodi, akaingia, akakaa. Karatasi ile aliifanya kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Nikamwambia: "Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Baba yetu hayupo. Niambie mimi." Akanijibu kwamba anaona jinsi ninavyompenda dada yangu, na kwamba hawezi kulizungumza jambo lake kabla ya kumuuliza mwenyewe. Nikasisitiza, kama nilivyoagizwa na karatasi, na zaidi ya nilivyoagizwa. Nilimwambia kwamba habari hiyo itamuua kabla ya siku zake. Akanyamaza zile sekunde nne. Kisha akasema: "Nikienda kwake sasa hivi nikamuuliza kama anataka wewe uwepo, utanisubiri hapa?"

Saa ikalia. Hapana aliyeinuka.

"Mjomba, turudie," alisema.

Tulirudia mara nne usiku ule. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imara. Baadaye, tukinywa chai, alisema kwamba mama yake lau angeulizwa, hapana shaka angesema aambiwe kaka. "Lakini angeulizwa," alisema. Sikumjibu. Rai yangu juu ya desturi yetu ni ile ile niliyokuwa nayo, na yake ni yake. Na mtihani, nadhani, haukumtaka aamini chochote, ulimtaka tu aweze kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu anayelia.

Wako walioniuliza pale msikitini kwa nini namsaidia mtoto wetu aondoke, nao wana haki ya kuuliza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza imewakataza waajiri wake kwenda kuwavutia watumishi wa nchi hizo, ila mtu akiomba mwenyewe hazuiwi. Nami nilijibu kwamba sikumfungulia mlango, nilimshikia saa tu. Jibu hilo liliwaridhisha wao kuliko lilivyoniridhisha mimi.

Jumapili ya wiki ya tano tulifanya mtihani mzima. Vituo 16, kila kimoja dakika tisa na nusu ukihesabu na ya kusoma mlangoni, jumla zaidi ya saa mbili na nusu. Tuliwakusanya jamaa: shangazi wawili, kijana wa jirani anayeuza madafu, binamu mvuvi aliyekataa kata kata kuigiza maradhi ya tumbo akisema ataitwa kweli. Mtu akikosea mgonjwa mmoja, ugumu ni kuingia kwa wa pili akiwa amemsahau wa kwanza, na hilo halifundishiki kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kituo cha tisa mpwa wangu aliharibu. Cha kumi alikifanya vizuri kuliko vyote. Hapo ndipo nilipojua kuwa yuko tayari, na tangu siku hiyo nilimficha birika la kahawa. Saa nne usiku taa ilizimwa. Hakuongeza jambo jipya hata moja.

Jioni moja ya siku hizo za mwisho, kwa kumpumzisha, nilimhadithia kisa anachokieleza Ibn al-Qifti. Mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja wa Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu, akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Walitahiniwa zaidi ya watu 860. Miongoni mwao akaja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, akaweka dinari mbele ya Sinan, akakiri kwamba kusoma na kuandika hakujui vyema, ila ana watu wanaomtegemea. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asilivamie radhi asilolijua, wala asitoe damu au dawa kali ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake tangu zamani. Hajapata kuvuka sharubati na asali ya siki. Siku ya pili akaja kijana mzuri. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Ni yule mzee wa jana? Ndiye. Nawe unafuata njia yake? Naam. Basi usiivuke.

Nilidhani atacheka. Alikaa akafikiri, kisha akasema kwamba katika vituo vyote 16 hapana jibu linalomuokoa mtahiniwa kuliko kusema, hili silijui, nitamuuliza mkubwa wangu. Na hapana jibu lililo gumu zaidi kulitamka.

Aliondoka siku nne kabla, ili mwili uzowee baridi na saa za kule. Majibu yalikuja baada ya wiki nne. Amefaulu. Kazi bado hajapata, kwani waliofaulu ni wengi kuliko nafasi, na kwa sasa anaendelea na zamu zake hapa hapa. Juzi yule jirani wa uji alikuja kunishitakia: alikwenda kutibiwa mgongo, na mpwa wangu, badala ya kumwandikia dawa, akamuuliza yeye mwenyewe anadhani una nini. "Nikamwambia, wewe ndiye daktari," alisema jirani. "Akanyamaza. Ananitazama tu."

"Ikawaje?"

"Basi nikamwambia."