Mtoto Hana Namba

Jumanne, 1 Oktoba 2024
NHIF, bima yetu ya afya, imekufa leo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuizoea. Sasa ni SHA. Nikabonyeza *147# chini ya mwarobaini, mtandao unakuja unaenda, nikasajilika mimi. Kufika kwa wategemezi: namba ya cheti cha kuzaliwa. Nikazima simu. Mtoto huyu tunayemlea, cheti akitoe wapi? Alikotoka huyu, hospitali dhambi, shule dhambi, karatasi ya serikali dhambi. Nina barua ya afisa wa watoto tu, imekunjwa na kukunjuliwa hadi inataka kukatika.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mtoto kakohoa usiku kucha. Zahanati hawakututoza kitu, tukapewa dawa ya maji. Kazi ni kuimeza. Kang'ang'ania mguu wa meza, meno kayauma. Hakulia. Afadhali angelia. Nikamimina kwenye kijiko changu, nikanywa mbele yake. Akanikodolea macho, nadhani akingoja nianguke. Sikuanguka. Akafungua kinywa.
Mzee wangu anasema nimekuwa mwigizaji. Na awe hivyo.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimeinua godoro: sima kavu, vichwa vya dagaa, nusu ya hamri. Chungu tele. Mzee akaanza ile sauti yake ya baharini, nikamtolea jicho. Kuanzia leo sahani italala mezani, imefunikwa kawa, na mtoto ajue iko pale.
Jioni akauliza, "Na kesho tutakula?" Tutakula. "Na kesho kutwa?" Nikamtajia siku zote mpaka Ijumaa, ndipo akaridhika.
Mhudumu wa afya wa mtaa kapita na mkoba wake. Nikamwomba ampime mkono kwa ule utepe wa utapiamlo. Eti utepe ni wa walio chini ya miaka mitano, na huyu twamkisia sita. Nikashikilia. Kijani! Najua haihesabiki. Lakini kijani.

Jumatano, 9 Oktoba
Ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Foleni. Karani, bila kuinua uso: "Kitambulisho cha mama mzazi." Mama mzazi, nijuavyo mimi, yumo katika wale wafuasi wa dhehebu, zaidi ya 400, ambao miili yao ilifukuliwa Shakahola, na waliotambuliwa kwa DNA ni wachache mno. Nikamweleza, polepole. Akainua uso. Akafikiri. "Basi cha baba."
Nimetoka hapo nikanywa madafu mawili kwa mpigo. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 11 Oktoba
Tumekutana walezi, chini ya mwembe. Jirani anasema wake ni wa kafala, malezi ya Kiislamu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua. Vizuri, ana pa kusimamia. Nairobi nao wana mpango wao wa miaka kumi, mpaka 2032: watoto watoke kwenye makao, waingie majumbani mwa watu. Siupingi hata kidogo. Bora kitanda cha kugombania kuliko bweni. Ila mbona mtoto analetwa na begi la nguo tu? Faili liko wapi? Chanjo zipi kapata, zipi hakupata? Nani kakaa naye kumsikiliza kuhusu aliyoyaona? Kila mmoja wetu anaanza upya, mlango baada ya mlango, na kwenye kila mlango anasimulia yale yale mbele ya mtoto, naye anasikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko foleni.
Mmoja wetu hupata zile shilingi 2,000 za mwezi za serikali, Inua Jamii. Nauli ya tuktuk kwenda kwa mshauri na kurudi, unga kidogo, kwisha. Wengine hatumo hata kwenye orodha. Nikasema cheti na faili vitangulie, mtoto afuate. Wakapiga makofi. Aliyepaswa kuyasikia hakuwepo.

Jumapili, 13 Oktoba
Leo mtoto kagombana na binti yangu juu ya mkia wa nguru. Kapiga kelele! Yeye, asiyeomba hata maji! Kaurudisha mkono wa mwenzake, kaubeba mkia, kaula wote, mifupa kaipanga ukingoni mwa sahani. Ilinibidi niwagombeze wote wawili, uso ukanishinda. Mzee kageukia ukutani, mabega yanatikisika.
Kesho saa mbili asubuhi, kwa afisa wa watoto. Nibebe barua, picha mbili, kadi mpya ya kliniki. Niombe aandike mwenyewe kwa msajili, maana kwangu mimi hawaandiki. Mzee ataka nivae ile leso mpya, eti maofisini wanaangalia. Haya, nitavaa.