Niliwakosesha Waliokuwa Sahihi

Nakiri kosa nililolifanya darasani Masasi, nikalirudia nilipohamishiwa Newala. Niliwafundisha wanafunzi kwamba ili kuchagua kati ya "his" na "her", watazame nomino inayofuata: ikitaja mwanamume, waandike "his", ikitaja mwanamke, "her". Kanuni hii si kweli, nami niliifundisha kwa uhakika kabisa.

Kwa kanuni hiyo, Asha akimwita mumewe, jibu langu lilikuwa "Asha called his husband." Aliyeandika "her husband" nilimkosesha. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea daftari, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, mwenye mume si Asha?" Nikamwambia afuate kilichoandikwa ubaoni. Akafuta jibu sahihi, akaandika langu.

Nilikuwa nimeichukua sheria ya Kiswahili nikaipeleka kusiko kwake. Sisi husema kikapu chake, shamba lake, korosho zake: kimilikishi hufuata ngeli ya kinachomilikiwa, wala hakisemi mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hutazama mwenye mali. Korosho za Asha ni "her cashews", mume wake ni "her husband", na mke wa Juma ni "his wife". Nomino ikiachwa, "her" huwa "hers", ila "his" haibadiliki: "The farm is hers. The farm is his."

Askofu Edward Steere, aliyefika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, alikuwa amekwisha chapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kwa wasomaji wa Kiingereza. Humo ilimbidi awaeleze kwamba Mswahili hutazama kinachomilikiwa. Mimi nilipaswa kuwapitisha wanafunzi njia hiyohiyo kwa kurudi, nami sikuijua.

Kosa hili ni zito kwa sababu ya mahali lilipofanyika. Mtoto wa Newala huzungumza Kimakonde nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Wengi hawana mtu mwingine wa kumuuliza ila mwalimu. Nikikosea mimi, hawana pa kunisahihishia.

Kutojua kulirekebishika siku nilipofungua kitabu cha sarufi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliulizwa swali zuri nikakataa kukifungua. Siku hizi mwanafunzi akinibishia, tunasoma pamoja kabla sijashika kalamu nyekundu. Nikiwa nimekosea, nasema mbele ya darasa na kuwarudishia alama wote niliowanyima. Waliokwisha kumaliza shule siwezi kuwarudishia. Nawaomba radhi, na walimu wenzangu nawasihi: mtoto akiuliza mwenye mali ni nani, msikilizeni, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza la somo hili.