Mgeni wa Usiku Kiwanjani

Maembe yalipoanza kuanguka, fungo naye alianza kuingia kiwanjani mwetu Mangobo, hapa Kisangani. Hatukumwona, tulimtambua kwa harufu kali ya zabadi kwenye ua na kwa kinyesi kilichojaa mbegu za matunda.

Juma la pili kuku wawili walitoweka. Kwa hasira tulipaka sumu ya panya kwenye kichwa cha samaki, tukaenda kulala tukijiona wenye busara. Kulipopambazuka, tulimkuta nyuma ya choo mbwa wa jirani yetu, mama mjane, amekwisha kufa. Tulikwenda kumweleza wenyewe, kabla hajaambiwa na watoto. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Baba mwalimu, na kama angekuwa mjukuu wangu?” Hatukuwa na jibu.

Ndipo tulipofanya yaliyotupasa tangu mwanzo. Banda tumeliinua juu ya nguzo, maana fungo si mpandaji hodari, na mlango hufungwa kabla ya giza. Maembe huokotwa jioni, mabaki ya chakula hufukiwa. Mnyama huyu hula matunda, wadudu, panya, hata nyoka; kuku wetu tulimwandalia sisi kwa uzembe. Watoto tumewakataza kumgusa, awe hai au mfu, kwa kuwa aweza kubeba kichaa cha mbwa.

Bado hupita mara mojamoja kando ya ua. Jirani tulimtafutia mtoto wa mbwa. Alimpokea bila kusema neno, akamfunga upande wa mbali na kwetu.