Kasi Ilifika Mlangoni, Ikakwamia Ndani

Ndugu msomaji, mtu akimkosea mtoto mbele ya watu, si haki amwombe radhi chemba. Ndiyo sababu leo nimeamua kukueleza yaliyonipata nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam, juu ya intaneti iliyokuwa na kasi kwenye mkataba lakini ikitambaa kama kobe ndani ya nyumba. Yawezekana nawe hulipia huduma ya namna hiyo kila mwisho wa mwezi, na yawezekana nawe umekwisha kumkaripia mtu asiye na hatia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa aliyeko Korogwe, anaishi nasi tangu alipoingia kidato cha kwanza. Kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili nilimwahidi kwamba akifaulu vizuri nitamnunulia gemu la mpira wa miguu ambalo alikuwa akilisikia kwa wenzake tu. Alifaulu. Ahadi ni deni, na wakati huo tulikuwa tumekwisha kuvutiwa waya wa faiba hadi nyumbani. Mkataba wangu ulisema megabiti 100 kwa sekunde. Gemu lenyewe lilikuwa na uzito wa gigabaiti 40. Nikamwambia kwa majivuno ya mwenye mali: "Ijumaa usiku tutalipakua. Jumamosi asubuhi waite wenzako."

Ijumaa saa 2 usiku tukaanza. Kompyuta ikatujulisha kwamba kazi ingekwisha saa 11 na robo alfajiri. Nilishangaa, lakini nikajipa moyo kwamba usiku ni mrefu. Kumbe hata matumaini hayo yalikuwa makubwa mno, kwa maana usiku wa manane mwendo ulizidi kupungua. Asubuhi vijana wanne walikaa sebuleni wakiutazama mstari ambao ulikuwa haujafika hata nusu. Mashemeji zangu wawili nao walikuwa wamekuja kutujulia hali.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikamgeukia mpwa wangu mbele ya wote.

"Wewe ndiye unayekesha ukitazama sinema kwenye simu. Ndiyo maana intaneti haitoshi humu ndani."

"Hapana, mjomba. Nililala mapema ili niwahi kuamka."

"Usinijibu!"

Akanyamaza. Wenzake wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akisema ametumwa dukani. Mke wangu alinitazama bila kusema neno, na mtu aliyeoa anafahamu uzito wa mtazamo wa namna hiyo.

Baada ya mtoto nikahamia kwa kampuni iliyotuunganisha. Nilipiga simu, nikamsemea maneno makali binti aliyepokea, naye akaahidi kuleta fundi. Fundi alifika Jumatatu jioni, kijana mtulivu mwenye begi mgongoni. Hakuuliza mengi. Alichukua waya, akaunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwenye ruta, akapima. Ikasoma megabiti 97.

"Kaka," akaniambia, "kasi yako yote ipo hapa. Kazi yangu inaishia kwenye hiki kisanduku. Kinachotokea huko ndani ni chako."

Kauli hiyo haikunipendeza, lakini ilikuwa ya kweli, nami nimeifikiria sana tangu siku ile. Sisi wateja tunadhani kasi ni kitu kimoja, kama umeme unaowaka au usiowaka. Sivyo. Fikiria shehena inayotoka bandarini kuja kwako. Barabara kuu inaweza kuwa na njia nane, lakini kama mtaa wako unaingiliwa kwa kichochoro cha mkokoteni, basi mwendo wa shehena yako ni mwendo wa mkokoteni. Mkataba unataja upana wa barabara hadi mlangoni kwako. Kichochoro ni juu yako kukitafuta.

Jioni ile ile nilimwita mpwa wangu, tukakaa na daftari. Sikuwa bado nimemwomba radhi. Nilijidanganya kwamba kumpa kalamu kunatosha. Tukawekeana sharti moja, nalo ndilo nakuusia nawe: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima, kisha andika. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, mambo yakiwa mema hutajua lipi lililokusaidia, na yakiwa mabaya hutajua lipi lililokuharibia.

Jambo la kwanza lilikuwa hesabu yenyewe. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, bali programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12 na nusu tu, wala si 100. Katika maandishi tofauti ni ndogo sana: herufi b ndogo ni biti, na B kubwa ni baiti. Ukikosea hapo utalalamika mara nane zaidi ya haki yako. Tukapiga hesabu: gigabaiti 40 kwa mwendo wa megabaiti 12 na nusu kila sekunde ni dakika 53 au 54. Kompyuta yetu ilikuwa ikisoma megabaiti 1.2. Basi lalamiko letu lilikuwa la haki, ila tulikuwa bado hatujamjua mshitakiwa.

Jambo la pili lilikuwa mahali pa ruta. Hapa naona haya kukueleza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka jikoni, nyuma ya friji, ili watoto wasiichezee. Kati ya jikoni na meza ya kompyuta kulikuwa na kuta mbili za matofali ya saruji. Friji ni chuma, na mawimbi ya Wi-Fi hayapendi chuma wala saruji. Tukaihamishia sebuleni, juu ya rafu, mahali pa wazi. Mwendo ukapanda hadi megabaiti 4.

Jambo la tatu lilikuwa aina ya mawimbi. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni kama soko la Jumamosi. Ruta za majirani zimo humo, vipokea sauti vya Bluetooth vimo humo, na hata oveni ya maikrowevu ikiwaka huvujisha mawimbi ya karibu na hapo hapo. Humo ndani kuna njia tatu tu zisizogongana, nazo ni namba 1, 6 na 11. Sasa hesabu ruta za mtaa wako. Yale ya 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Kwa kuwa sasa ruta ilikuwa chumba kimoja na kompyuta, tukachagua ya 5. Daftari likaandikwa megabaiti 7. Nikaona tumeshinda, nikaenda kuoga.

Saa 5 usiku mpwa wangu akanibishia hodi chumbani.

"Mjomba, imeshuka tena. Sasa inasoma chini ya moja."

Nikatoka. Ilikuwa kweli. Tukafungua ukurasa wa ruta unaoorodhesha vyombo vyote vilivyounganishwa na kiasi ambacho kila kimoja kinatumia. Simu ya mpwa wangu ilikuwa imezimwa. Televisheni ilikuwa imezimwa. Chombo kimoja tu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu kuliko vyote, nacho kilikuwa simu yangu mimi, niliyokuwa nimeichomeka kwenye chaji dakika chache zilizopita.

Ndugu msomaji, kazi yetu ya uandishi ni ya kupiga picha na kurekodi watu. Simu yangu niliipanga zamani kwamba ikiwa kwenye chaji, na ikiwa kwenye Wi-Fi, ipeleke picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nilisahau. Yeye hakusahau, kila usiku nilipolala yeye aliamka. Utauliza: kupeleka kunazuiaje kupokea? Ni hivi. Kila sehemu ya gemu inapofika, kompyuta hurudisha hati ndogo ya kupokea mzigo. Mpelekaji asipoiona hati hiyo kwa wakati, hupunguza mwendo. Video zangu zilikuwa zimeziba njia ya kupandia, na hati za mtoto zilikuwa zimepanga foleni nyuma yake.

Nilichomoa simu, nikasimamisha upelekaji. Kabla hatujahesabu hadi 20 mstari ukaanza kukimbia tena. Mpwa wangu aliandika namba kwenye daftari, akaandika na saa. Hakunitazama, wala hakusema "niliwaambia". Mtoto aliyelelewa vizuri anaweza kukuaibisha kwa adabu yake tu. Nikamwambia akalale, tutazungumza.

Kesho yake tulinunua waya wa mtandao, tukaunganisha kompyuta kwenye ruta bila kutegemea mawimbi. Waya wa daraja la 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hata kwa mita 100, basi kwa nyumba zetu unatosha na kubaki. Hapo ndipo tulipopata megabaiti 11 na nusu. Tukafuta kile kipande cha awali, tukaanza upya kwa ajili ya kupima tu. Gigabaiti 40 zikaingia kwa dakika 58.

Nyumba yako haitakuwa sawa na yangu, kwa hiyo nikuongezee mambo manne ambayo hayakunisibu mimi lakini huenda yakakusibu wewe. Mosi, tazama ndani ya programu yenyewe. Steam, mathalani, duka la magemu lililofunguliwa mwaka 2003, ina mahali pa kuweka kikomo cha kasi. Mtu aliyetumia kompyuta kabla yako anaweza kuwa alikiweka akasahau. Kwa kawaida pia husimamisha upakuaji pale unapocheza gemu jingine, mpaka uiruhusu vingine.

Pili, umbali. Tangu waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwaka 2009, safari yetu imefupika sana kuliko siku za setilaiti, lakini mwanga ndani ya kioo husafiri kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde, wala si zaidi. Kwenda Ulaya na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na hati za kupokea nazo husafiri umbali huo huo. Programu ikikuruhusu kuchagua eneo la kupakulia, jaribu lililo karibu, kisha jaribu jingine, maana la karibu likijaa watu la mbali huweza kulishinda.

Tatu, diski. Magemu mengi husafirishwa yakiwa yamebanwa, na kompyuta hulazimika kuyafungua na kuyaandika. Diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuelemewa. Utaona intaneti imesimama kumbe inaisubiri diski. Nne, kwa wenye mashine za michezo: PlayStation 4 ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2013, ina mawimbi ya 2.4 tu, ya 5 yaliingia katika matoleo ya mwaka 2016. Na mwaka 2017 mhandisi mmoja alipima akaeleza kwamba mashine hiyo hubana upakuaji wakati gemu limeachwa wazi, hata kama hakuna anayecheza. Kwa hiyo funga gemu kabisa kabla ya kupakua.

Jumamosi iliyofuata niliwaalika tena wale vijana wanne, na mashemeji zangu nikawapigia simu waje kunywa chai. Gemu lilikuwa tayari. Kabla ya kuanza nikasimama, nikasema kwamba Jumamosi iliyopita nilimtuhumu mpwa wangu mbele yao, na kwamba mwenye kosa alikuwa mimi: ruta niliificha mimi, na simu iliyokesha ilikuwa yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Ukweli ni kwamba maneno hayo yalikuwa mazito mdomoni kuliko nilivyotazamia. Tumezoea kwamba mkubwa hukosea kwa bahati mbaya na mdogo hukosea kwa makusudi. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, mjomba." Kisha mmoja wa wenzake akanipa kishikio na kuniuliza kama nitacheza. Nilicheza, nikafungwa mabao 5 bila.

Binti yule wa huduma kwa wateja sijui jina lake. Nilipiga tena namba ile nikamkuta mwingine, nikamwomba afikishe salamu zangu. Basi, ndugu msomaji, siku intaneti yako itakapokwama, chukua waya na daftari kabla hujafungua kinywa. Kasi iliyopotea hurudi kwa dakika chache. Mimi neno nililomwambia mtoto lilinichukua wiki nzima.