Ushahidi wa Damu Yetu



Kwa miaka mingi tumewasomesha watoto wa Kishanda kwamba mwili ni amana, na kwamba aliyepewa amana ataulizwa. Leo twaandika kukiri kwamba amana hiyo sisi wenyewe hatukuichunga.

Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kibanja. Baada ya sala ya alfajiri hushika jembe akapalilia migomba, kisha hupanda mlima na mkungu begani. Sisi tuliirithi sahani yake ya ndizi na maharage, lakini kazi yake hatukuirithi. Tulikaa mkekani kutwa, tukanywa chai ya vijiko vinne vya sukari, na safari ya nusu saa hadi madrasa tukaiendea kwa pikipiki. Kitambi kilipotoka, watu walisema tumeneemeka, nasi tukafurahi.

Kisha ikatushika kiu isiyokatika. Tulipimwa asubuhi kabla ya kula, ikaonekana sukari ya damu ni 11.2. Mtu aliyelala bila kula akifika 7.0, na kipimo cha pili kikathibitisha, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Tuliikunja karatasi tukaificha katikati ya vitabu, na dawa tukameza siku tulizokumbuka. Tuliona haya. Miezi miwili baadaye mama watoto akatuonyesha sisimizi waliojazana chooni.

"Mwalimu," akasema, "sisimizi hawafuati kitu bure."

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda naye kwa daktari.

Huko tulifahamishwa kwamba misuli ifanyapo kazi huivuta sukari kutoka katika damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Misuli iliyokaa huvuta kidogo tu. Tena kuna kipimo kiitwacho HbA1c. Sukari hushikamana na chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku zipatazo 120. Basi kipimo hicho husimulia mwenendo wa miezi miwili mitatu, wala mfungo wa siku moja haukihadai. Ila mwenye upungufu wa damu au selimundu na amweleze daktari, maana hali hizo hukipotosha.

Wala msiba huu si wetu peke yetu. Watafiti waliopima vijiji sita vya Tanzania, wakatangaza matokeo mwaka 1989, walikuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika mia. Uchunguzi wa nchi wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 katika mia. Wengine waliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam: katika mwaka mmoja kazi nzito za mwili zilipungua sana na uzito ukazidi. Sisi hatukuhama, mji ulitufuata juu ya pikipiki.

Sasa twaenda madrasa kwa miguu, kwenda na kurudi, siku tano kwa juma. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika zisizopungua 150 za mwendo wa namna hiyo kila juma. Dawa hatukuiacha, wala asiiache mtu kwa kusoma maneno haya; na kabla ya Ramadhani twamwuliza daktari kwanza.

Kipimo chetu cha karibuni kilikuwa 6.8. Karatasi yake hatukuificha. Mama watoto ndiye aitunzaye.

Basi ndugu, kapimwe, wala usimfiche mwenzio. Wassalaam.